Mchuzi Unaosimama

Kambini, 2 Februari

Mke wangu,

Natumai barua hii inakukuta umekaa, maana najua ukisimama sana tumbo linakuvuta. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mbeba magunia ukiacha kulalamika ujue mwenyewe amekufa.

Ujumbe wako niliupata. Msimamizi alinisomea kwenye simu yake mbele ya watu: "Daktari amekataa kunipasua ngiri mpaka nipungue." Wenzangu wakanitazama kama nimefiwa. Sikuweza kukujibu pale. Mambo ya tumbo la mke wangu siyasemi kwenye simu ya mtu. Ndiyo maana naandika, na dereva wa lori amekubali kukuletea mkononi.

Tangu siku ile chakula hakishuki vizuri. Nakujua. Wewe ni mpishi wa shule, unashinda na sufuria, unaonja tangu asubuhi. Kukuambia upungue ni kama kumwambia samaki akae pakavu. Nikawa nawaza hivyo, ndipo mvua ikatuonyesha kitu.

Unajua hapa kiwandani tunashusha magunia ya mbegu, aina ya kunde ndogo ngumu, zinasagwa zinatoka unga mweupe. Muda wote huu nimeubeba unga huo begani nikidhani ni wa gundi ya bahasha. Sasa bati limevuja juu ya gunia lililopasuka. Asubuhi tukafungua mlango wa ghala, tukakuta maji yamesimama. Sisemi yametuama kama dimbwi. Yamesimama, kama mtu. Ukisukuma kwa fimbo yanatetemeka, ukiacha yanarudi mahali pake. Msimamizi akaingia na viatu vyake vya ngozi, akateleza kutoka mlangoni hadi ukutani, akapita mbele yetu amekaa, bado anatoa amri. Tulicheka hadi mmoja akashika mbavu.

Lakini mimi kilichonikaa kichwani ni yale maji. Nikaenda kwa Mwonjaji. Ni mama mtu mzima, kazi yake iko kwenye jiko la majaribio la kiwanda, ambako wanapika vyakula vya watu walioambiwa wapungue. Akachukua bilauri ya maji, akanyunyizia unga kijiko cha chai huku anapiga kwa uma. Akaniambia, subiri. Nikasubiri. Akasimamisha kijiko katikati ya maji, kikasimama.

Nikasema, "Mama, huu uchawi?"

Akasema, "Huu ni unga wa kunde, baba. Mchawi ni maji, yanapenda kukamatwa."

Kisha akanieleza vizuri. Nyumbani mchuzi mwepesi tunauongezea unga wa ngano, karanga, mafuta. Kila kinachoufanya mchuzi uwe mzito kinamfanya na mlaji awe mzito. Unga huu sivyo. Ni nyuzinyuzi tupu. Unaingia tumboni kama mgeni anayekaa sebuleni, anajaza viti vyote, halafu anaondoka bila kula. Mwili haupati cha kuweka akiba. Lakini tumbo linaona viti vimejaa, linanyamaza.

Nakutumia pakiti. Mwonjaji amesema umwulize daktari wako kwanza, na unywe maji mengi. Ukijibu niambie kweli, si kwa lugha ya simu: daktari amesemaje?

Mumeo,
Bega


Nyumbani, 14 Februari

Bega,

Umenitumia balaa.

Nimemwuliza daktari, amekubali. Basi nikapika mchuzi, ukawa mwepesi, nikafanya kama mpishi yeyote anavyofanya: nikamimina unga wako humo ukichemka. Nusu pakiti. Ukafanya mabonge kama macho ya samaki, nje laini, ndani ukipasua ni unga mkavu kama ulivyotoka kiwandani. Nikaongeza moto. Na huo uliobaki ukaanza kukaza. Nikavuta mwiko, sufuria nzima ikanifuata. Mama yako akachungulia akasema, "Mkwe wangu, hiki tunakila au tunazibia bati?" Nikamwekea paka. Paka akanusa, akanitazama, akaenda kukaa mlangoni, akanipa mgongo.

Umeniuliza daktari amesemaje. Alinipandisha mizani kama gunia lako. Akaniambia tumbo langu ni kama begi lililojazwa hadi zipu ikafyatuka. Akiishona zipu sasa hivi, kilichomo kitaisukuma tena, uzi utakatika, nitarudi kwake nikiwa na shimo kubwa zaidi. Nipungue kilo kumi na mbili ndipo anishike. Na kabla ya hapo, utumbo ukinaswa pale kwenye uvimbe, ukakaza na ukauma bila kurudi, nikimbie hospitali. Neno "kimbia" alilirudia. Daktari mzee, mpole, halafu anakuambia kimbia.

Naogopa, Bega. Nikikohoa naweka mkono pale kitovuni kama ninamshika kuku asiruke.

Na njaa siiwezi. Nikijinyima mchana, jioni nakuwa mwizi. Juzi nimekula ukoko wa sufuria ya watoto nyuma ya mlango wa stoo, nimesimama, natafuna kimyakimya, mtu mzima mimi.

Sasa wewe huko unakula mkate na maharage, na nyama kila Ijumaa, halafu mimi unaniletea maji yaliyosimama. Kama ni kizuri hivyo, si ukile wewe? Tangu tuoane tumekula sahani moja, hata siku tulizonuniana tulinuniana juu ya sahani moja. Leo zimekuwa mbili, yako ya nyama na yangu ya gundi?

Mkeo,
mpishi wa watoto wa watu


Kambini, 1 Machi

Mke wangu,

Mwonjaji nilimsomea barua yako, akacheka hadi akakaa chini. "Nusu pakiti!" anasema. "Hiyo ingetosha shule yake nzima." Kisha akafuta macho, akaniita nisogee, akanifundisha, nami nakufundisha.

Unga huu ukikutana na maji mengi ghafla unashtuka. Punje za nje zinanywa haraka, zinafunga mlango, za ndani zinabaki na kiu. Hayo ndiyo macho yako ya samaki. Kwa hiyo uuchanganye kwanza na vitu vikavu, chumvi na bizari na pilipili ya kusaga, ili kila punje ikae mbali na ndugu yake. Kisha weka maji baridi kwenye bakuli. Mkono mmoja unapiga, mwingine unanyunyizia kutoka juu kama unavyompaka mtoto poda. Kijiko cha chai kimoja kwa bakuli kubwa, basi. Halafu uache. Usiongeze kwa sababu ya haraka, maana unaendelea kukua hata ukiupa mgongo. Na usithubutu kuuramba mkavu, utakuvimbia kooni. Chakula hicho kikishuka, kisindikize na maji.

Nilipojaribu mwenyewe mara ya kwanza nilipata mabonge. Mara ya pili ukatoka laini, nikapitisha kijiko nikaona njia yake inabaki nyuma kisha inajifunga polepole. Nilirudia kupitisha kijiko tu, kama mtoto. Fikiria, mke wangu. Maji yaleyale ya bomba. Kitu kidogo kama chumvi ya kwenye yai kimeyafundisha adabu.

Na lile neno lako la sahani limenichoma. Ni kweli. Haiwezekani wewe ule maji na mimi nile nyama, halafu tujiite mke na mume. Basi nimeamua. Kuanzia sasa utakachokula wewe ndicho nitakachokula mimi, hichohicho, kiasi hichohicho, hadi siku daktari atakapokushika. Mwonjaji ananiachia jiko dogo la pembeni jioni. Wewe niandikie unapika nini, mimi nitapika kama wewe. Sitatia mkono sahanini kabla yako.

Upishi wenyewe siwezi kukufundisha. Mimi nimekuletea uzito tu. Ladha ni yako.

Mumeo,
Bega


Nyumbani, 29 Machi

Bega,

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye kikaango.

Nilikausha vitunguu bila mafuta. Vikishika chini natia tone la maji, vinaachia, vinashika tena, natia tena, hadi vikawa rangi ya kahawia iliyoiva. Nyanya nikazichoma juu ya moto zikapasuka ngozi. Tangawizi, kitunguu saumu. Unga wako nikauchanganya na bizari, nikapiga kwenye maji baridi, nikaunyunyizia kama poda ya mtoto, ukaenda bila bonge hata moja. Nikamimina sufuriani.

Ukang'aa. Bega, uling'aa kama mchuzi wa harusi, na chupa ya mafuta imesimama rafuni na kizibo chake. Ulikuwa unachemka kwa mapovu mazito, taratibu, yanapasuka moja moja kama mtu mkubwa anayepumua usingizini. Mimi nimepika tangu mikono yangu haijafika mezani. Sijawahi kusimama juu ya sufuria nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza.

Mama yako akachovya mkate. Akatafuna. Akachovya tena. "Karanga umezipata wapi msimu huu?" Nikamwambia hakuna karanga. "Basi ni mafuta." Nikamshushia chupa. Akaigeuzageuza kwenye mwanga kama anayetafuta ufa, akairudisha mwenyewe, akasema, "Mimi sisemi kitu," na hakusema kitu hadi akamaliza.

Miaka yote nimeamini utamu unakaa kwenye mafuta. Kumbe mafuta kazi yake ilikuwa kuuchelewesha mchuzi mdomoni. Mchuzi mwepesi unapita kama mtu anayekimbilia basi, hujui amevaa nini. Huu unakaa. Ukikaa, kitunguu kinapata nafasi ya kusema, tangawizi inapata nafasi ya kujibu.

Siku za mwanzo tumbo lilinguruma kama lori la dereva wako, mama yako akafungua madirisha yote. Sasa limezoea. Na njaa, yule mbwa mwitu wangu wa jioni, inakuja mlangoni inakuta pamejaa, inaondoka. Nashiba kitu ambacho hakipo! Jana nilipita nyuma ya ule mlango wa stoo na sufuria ya ukoko mkononi, nikaenda nikaiosha.

Sindano ya mizani imeanza kurudi. Nesi alinipandisha mara mbili, akadhani mizani imeharibika.

Juma hili: asubuhi uji mwembamba wa boga ulioshikwa kwa unga wako, mchana mchuzi huo na mboga za majani nyingi na maharage kiganja kimoja, jioni supu na yai.

Lakini wewe, unakula hivyo kweli au unanifurahisha? Mabega yanasemaje?

Mkeo


Kambini, 25 Aprili

Mke wangu,

Nimechelewa kukujibu, usinune. Kazi imebadilika kidogo. Kwa sasa sibebi, nimewekwa kwenye kushona midomo ya magunia. Ni kazi ya kukaa, ina kivuli, wengine wanaililia. Mimi mzima.

Barua yako nilimsomea Mwonjaji, sehemu ya mchuzi tu. Pale pa kitunguu kusema na tangawizi kujibu akaomba nirudie. Akasema yeye amefanya kazi hii hadi amepata mvi na hakuna aliyemweleza hivyo.

Nakula kama tulivyoagana. Uji wa boga, mchuzi, supu. Nashiba kama ulivyosema. Miguu imekuwa miepesi kama ya mtu mwingine. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Tukionana tutakuwa vijana wawili.

Acha nikuambie kitu nilichokiona. Kuna magunia mengine yanatoka mbali zaidi, yana mabonge ya utomvu wa mti, rangi ya asali, makubwa kama kokwa la embe, madogo kama jicho la mbuzi. Mwonjaji anasema mti unachanjwa gome, nao unajiziba kidonda kwa chozi hilo. Likikauka linaokotwa. Ukiliyeyusha, maji na mafuta vinakubali kukaa chombo kimoja bila kutengana, ndiyo maana kijiko kimoja cha mafuta kinaweza kutawanyika sufuria nzima kikafanya kazi ya vijiko kumi.

Nimeyapita magunia hayo kila siku. Siku hiyo nilikuwa nimelala chali pale sakafuni, mchana, jua limepenya kwenye tundu la bati, likapiga bonge moja lililodondoka karibu na sikio langu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gome na sisimizi mmoja mzima, miguu yake yote, na mwanga umejaa humo kama umewashwa. Mke wangu, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikawaza, mti umeumizwa ukatoa dawa ya kidonda chake, na dawa hiyo imesafiri hadi kumfaa mtu ambaye mti haumjui. Watu walikuwa wananiita. Sikutaka kuinuka.

Niandikie unapika nini juma lijalo.

Mumeo,
Bega


Nyumbani, 6 Mei

Bega,

Barua yako mara ya kwanza nilimsomea mama yako kwa sauti, tukaufurahia ule mti. Mara ya pili nilisoma peke yangu, nikakaa chini.

Mimi ni mke wa mbeba magunia. Najua mchana mbeba magunia yuko wapi, na hayuko chali sakafuni akiangalia sisimizi. Mtu anayelala chali ghalani mchana huku watu wanamwita, ama amelewa ama ameanguka. Pombe hunywi. Halafu "nimewekwa kwenye kushona." Wewe? Wewe uliyekuwa ukisema kushona magunia ni kazi ya wazee na wagonjwa? Na mwandiko wako unashuka kwenye kona ya karatasi kama unatafuta pa kukaa.

Ulianguka na gunia. Kama nimekosea, nitukane.

Nilikutania, baba. Niliandika na hasira ya sufuria iliyoharibika. Mume mwingine angecheka, akanijibu utani, akaendelea na nyama yake. Wewe ukaenda ukalifanya kiapo, na mimi kwa ujinga wangu nikawa nakuandikia mapishi ya juma, nakupunguza kwa mkono wangu mwenyewe, huku nafurahia mizani.

Sasa nisikilize kama unavyonisikilizaga nikiwa na mwiko mkononi. Mimi nimebeba ghala. Hiki kitambi, haya mapaja, ni akiba ya miaka. Nikila maji mazito, mwili wangu unaingia ghalani, unachota, unafanya kazi, nainua masufuria ya shule bila shida. Ndiyo maana yananifaa. Wewe ghala lako liko wapi? Nimeolewa nawe ukiwa mifupa na kicheko. Mwili wako ukifungua ghala unakuta hata panya wamehama, basi unaanza kung'oa nguzo za nyumba. Chakula ni kilekile, Bega. Kwangu ni dawa. Kwako ni mwizi anayekuimbia wimbo mzuri huku anatoa vitu nje.

Daktari amenipangia mwezi ujao. Nimebakiza kidogo sana kufika alipotaka. Lakini sikia neno langu: sitapanda kitanda chake mpaka nipate barua ya Mwonjaji, kwa mkono wake, si wako, kwamba umekula chakula cha mtu anayebeba magunia. Wewe ukiwa na kalamu ni mwongo mzuri mno. Uvimbe huu utanisubiri au utaninasa, shauri yake. Sikubali kupasuliwa niamke mjane.

Mkeo


Kambini, 15 Mei

Mwanangu,

Nakuita hivyo kwa sababu nimekulisha bila kukuona. Mimi ndiye wanayemwita Mwonjaji.

Mumeo ameniletea barua yako jikoni, akaiweka karibu na mizani yangu. Nimeisoma. Kila ulichokisia ni kweli. Alianguka kutoka kwenye ubao wa lori hadi sakafu ya ghala akiwa na gunia begani. Lilianguka pembeni, likampiga mbavu, halikumvunja. Akasema ni utelezi, na sakafu yetu kwa unga huu ni utelezi kweli, basi wote tukaamini. Mimi nikaamini. Jioni nikimwona anakoroga kisufuria chake nikadhani anakufanyia wewe majaribio, kumbe kile ndicho chakula chake. Kosa ni langu pia. Nilimweleza unga huu unafanya nini, sikumwuliza nani anakula. Kazi yangu yote ni kutoa nguvu kwenye chakula cha watu walio nazo za ziada. Haikunijia kwamba kuna mtu anaweza kuzitoa kwake kwa upendo.

Leo nimempikia. Maharage ya kuunga kwa mafuta, mayai, mkate, kipande cha nyama. Akavitazama kama ameitwa mahakamani.

"Siwezi, Mama. Yeye kule anakula maji."

"Yeye kule ana pa kuchota."

"Tuliagana."

"Mliagana kula pamoja au kufa pamoja?"

Akaniuliza, "Nikila hiki, yeye anakula na nani?"

Swali hilo lilinigeukia mimi, mwanangu. Mimi tangu niingie jikoni hapa nakula kwa vijiko vya kuonja, nimesimama, peke yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba hilo ni jambo la mtu kukataa hadi mbavu zimwume. Nikavuta kiti. Nikakaa mbele yake, nikamega mkate, nikala. Ndipo naye akatia mkono sahanini.

Amemaliza. Nimemwongeza, amemaliza na hiyo. Alipofika kwenye nyama alilia kidogo, nami nikageukia dirisha. Jioni amekula tena. Nitamsimamia hadi aondoke hapa.

Huu ni mkono wangu. Nenda kapasuliwe.

Mwonjaji


Kambini, 17 Mei

Mke wangu,

Nimekula. Sikutukani.

Unanijua, basi nitakuambia wazi. Sikufanya vile kwa ushujaa. Nilikuwa naogopa. Wewe unapungua huko, sikuoni ukipungua, na kila barua inaleta mwanamke mdogo kuliko aliyeletwa na barua iliyopita. Nikadhani nikipungua na mimi, tutashuka pamoja ngazi moja, siku tukionana hakuna atakayemtafuta mwenzake.

Siku ya tatu ya kula vizuri niliamka nikaikuta mikono yangu. Sijui nisemeje. Ilikuwepo, lakini ilikuwa kama ya kuazima. Nikaifungua, nikaifumba. Kumbe mkate unakwenda hadi kwenye vidole! Nimekula mkate maisha yangu yote na sikuwahi kuushangaa. Maji yanayosimama yalinishangaza, na mtu anayesimama hakunishangaza.

Kula bila wewe ni mzigo usio na mahali pa kushika. Mwonjaji anakaa mbele yangu, anasimamia kama askari. Nashukuru. Lakini nawaza: ukipona, daktari atakuambia uendelee na mapishi yako, na mimi nitaendelea na magunia. Nikirudi nyumbani likizo tutakaaje? Wewe na bakuli lako, mimi na langu, kama wapangaji?

Nenda kwa daktari. Usijibu hilo sasa. Nenda tu.

Mumeo,
Bega


Nyumbani, 30 Juni

Bega,

Nimepasuliwa. Naandika nimeegemea mito miwili, mama yako amekaa mlangoni kuhakikisha siinui hata kikombe.

Daktari ananiambia mambo ya ndani hayakugombana naye. Tumbo lilijifunga lenyewe alipolivuta, kama mlango wa mtu mwenye adabu. Nikakohoa jana, mkono ukaenda kitovuni kumshika yule kuku, na kuku hayupo. Nikakohoa tena makusudi. Bado hayupo. Umewahi kuogopa kitu hadi kikiondoka unakitafuta?

Chakula cha kwanza walichonipa ni maji ya supu, yale mepesi kabisa. Nilipitisha kijiko, hakikuacha njia. Nikacheka, nesi akanikataza kucheka, ana haki, inauma.

Sasa swali lako nimelifanyia kazi kitandani. Jana nimemwelekeza mama yako, yeye akiwa mikono na mimi mdomo. Unakumbuka ile sufuria ya Februari, iliyonifuata nikivuta mwiko? Nililia siku ile nikidhani nimeharibu. Safari hii nimemwambia apike ileile kwa makusudi, bakuli dogo, unga wa kuzidi, lakini bila mabonge, na nyanya na pilipili ili iwe tamu. Ukatoka mchuzi unaosimama. Nikamwambia achukue sahani yetu, ile kubwa yenye ufa pembeni, aupange huo mchuzi katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, kama ukuta mdogo. Upande mmoja akaweka maharage yaliyoungwa kwa mafuta, upande mwingine mchuzi wangu na mboga.

Tukangoja. Mafuta yalikwenda hadi ukutani, yakasimama. Mchuzi wangu ukafika hadi ukutani, ukasimama. Mama yako akainama hadi pua ikakaribia sahani. Akasema, "Hata nyumba ya jirani haina ukuta huu." Kisha akakaa upande wako akala, mimi upande wangu, na ukuta tukautumia kama kitoweo, kila mmoja anaumega kutoka kwake, hadi mwisho tukakutana katikati na ukawa umekwisha.

Sahani moja, Bega. Wewe utakula cha mbeba magunia, mimi nitakula changu, na hakuna tone litakalovuka bila ruhusa.

Mwambie Mwonjaji sahani ni pana, na wa tatu anaenea. Omba likizo. Njoo na njaa.

Mkeo